Wageni wa Jabali

Jabali, mbwa wa Bi Tabu, alipenda mno kusifiwa. Kila Ijumaa Bi Tabu alipotoka na kitana na beseni la maji ya sabuni, kupe waliokaa masikioni mwa Jabali walimnong'oneza, "Mzee, dume kama wewe uchanwe kama bibi harusi?" Jabali akabweka na kutimua mbio nyuma ya banda la kuku.

Paka Nunu, aliyejilamba kutwa mara tatu, akamwambia, "Kaka, hao wanakunywa damu yako."

"Ni wageni wangu, na mgeni ni baraka," Jabali akajibu. "Wewe nani amewahi kukuita mzee?"

Kupe wakamshangilia, huku wakinenepa kama kunde zilizorowekwa.

Mwezi haukuisha, Jabali akalala chini, fizi zimempauka, hata mkia haumtii. Kupe wakaanza kushuka mmoja mmoja, matumbo mbele.

"Mnaniacha, nami naumwa?"

"Mzee, mgeni mstaarabu hamsumbui mgonjwa," mkubwa wao akasema kwa heshima zote. "Tena kwa jirani kuna dume jingine halitaki kuchanwa."

Nunu akaondoka kwenda kumwita Bi Tabu. Mlangoni akageuka. "Wamekunywa vyote, Kaka. Jina la mzee tu ndilo wamekuachia."