Kasuku Aliyewakumbukia Wenzake

Alikuwapo Kasuku asiyesahau kitu. Akawaambia wanyama, "Ya nini kuumiza vichwa? Mambo yenu nipeni niwakumbukie mimi, bure." Kuku akampa majina ya vifaranga wake. Kindi akampa mahali alipofukia njugu, pamoja na majina ya majirani wote. Fisi akampa kazi ya kukumbuka kama ameshakula. Wakasahau kwa raha zao.

Asubuhi moja Kasuku akatangaza, "Huduma ya kukumbuka imefungwa. Sasa nafundisha kupiga mluzi, kwa malipo. Asanteni kwa kuwa nami."

"Na wanangu niwaiteje?" akalia Kuku.

"Waite wote 'Wewe'."

"Na mimi, nimekula?" akauliza Fisi.

"Huduma imefungwa."

Fisi, asije akalala njaa, akala tena.

Kasuku akakaa tawini kungoja wanafunzi. Hakuja hata mmoja. Akamfuata Kindi, aliyekuwa akichimbua msitu mzima kutafuta njugu, akamfokea, "Mbona huji kwangu kujifunza?"

"Kwani wewe nani?"

"Kasuku! Hunijui?"

"Niwie radhi, bwana," akasema Kindi. "Majina ya majirani nilimwachia mmoja aliyekuwa akinikumbukia bure. Ukimwona, mwulize. Huenda anakujua."