Dua ya Mzee Shaame

"Mzee Shaame hajambo?" jirani yangu Bi Mize aliniuliza, na siku ile ilikuwa arobaini ya kifo cha huyo huyo Mzee Shaame, mume wangu.

Sheria ndiyo hiyo. Ukishaletewa kifani, yaani mashine yenye sura na sauti ya mtu wako, huruhusiwi tena kumwita mtu huyo marehemu. Chetu kilikaa mlangoni kimevaa kanzu ya mume wangu, kikikaribisha wageni.

"Mwalimu, mtaje marehemu kwenye dua," nilimsihi mwalimu wa chuoni aliyekuja kutusomea.

"Nitafungwa, bibi. Nimuombee afya?"

"Afya ya nani? Niliyemwosha kwa mikono hii? Mungu anajua aliko, nyinyi mnamwogopa sheha na serikali yake!"

"Mama Kombo, usimuudhi mgeni," kifani kikasema kwa upole. "Mwalimu, niombee tu. Si nipo?"

Mwalimu alikitazama, akafunga msahafu, akavaa viatu, akatoka.