Bunduki ya Bi Fundi

Afisa wa vibali alicheka mpaka akavua miwani ajifute macho.

"Bunduki ya marisau, bibi? Ya kufanyia nini?"

"Kulinda nyumba na kuwinda ndege," alisema Bi Fundi. "Si ndizo sababu mlizobandika pale ukutani? Basi andika zote mbili."

Bi Fundi alikuwa mshonaji wa sare za shule, mvi kichwa kizima, na maneno yake hayakujua kupanga foleni. Kando yake alikaa mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, amejifunga mtandio mpaka kidevuni ingawa ofisi ile ilikuwa na joto la kuivisha mkate.

Afisa alichukua kalamu. "Mmeshawahi kuvamiwa?"

"Kitasa cha chumba cha mkwe wangu kimevunjwa mara mbili. Siku hizi anasukuma kabati mlangoni ndipo alale."

"Wakaiba nini?"

"Hakuna kilichopotea."

"Wezi wa ajabu hao. Na mwanao yuko wapi?"

"Yuko mbali, anajenga barabara. Hurudi Jumamosi."

Afisa akaweka kalamu chini. "Basi aje aombe yeye. Nakwambia kwa wema, bibi. Hapa ni nyumba moja, kibali kimoja, na jina halibadilishwi. Ukichukua wewe, mwanao hapati. Kazi ya kiume mwachie mwanamume."

Hapo Bi Fundi alipandwa na hasira, na nani angemlaumu?

"Nyumba hiyo nimeijenga kwa cherehani. Hati ina jina langu. Nionyeshe palipoandikwa kwamba mvaa gauni haombi."

Afisa aliipitia kanuni juu mpaka chini, akitamani apaone. Hapakuwepo. Akaligonga ombi mhuri kwa kinyongo na kumpeleka kwenye uwanja wa shabaha, akajifunze kisha ajaribiwe, akiwa na hakika kwamba huko ndiko mchezo wa bibi ungeishia.

Na kidogo uishie kweli. Mlio wa kwanza tu, bunduki ilimpiga bega akakaa chini, matako yakitangulia. Wanaume waliokuwa wakisubiri zamu zao walicheka na kugongana viganja. Mkufunzi, mtu mpole mwenye pamba masikioni, akamnyanyua.

"Si lazima, bibi."

"Kwako si lazima. Nipe nyingine."

Alirudi kesho yake, na kesho yake tena. Bega likawa rangi ya biringanya. Cherehani ililala, sare za watoto wa watu zikachelewa, na jirani akamwambia usoni kwamba uzee unampanda kichwani. Bi Fundi akamjibu kuwa uzee ni wake na kichwa ni chake, kisha akafunga dirisha.

Jioni mkwe wake alimkanda bega kwa maji ya moto.

"Mama, akirudi akasikia habari hii?"

"Atapiga kelele, kisha atachoka."

"Na kibali kisipotoka kabla ya Jumamosi?"

"Kitatoka. Kanda hapo chini kidogo, mwanangu, panauma."

Alikuwa anaogopa, lakini hofu yake hakuwa tayari kuigawa na mtu, sembuse na binti yule. Usiku wote alilalia bega moja.

Siku ya jaribio walirusha visahani vya udongo angani. Alikikosa cha kwanza, akakikosa na cha pili. Wale wanaume wakaanza kukohoakohoa kuficha kicheko. Bi Fundi akaibana bunduki kwenye bega lake bovu, akauma meno, na kisahani kilichofuata kikapasuka vipande vipande. Kikafuata kingine, na kingine, mpaka kukohoa kukakoma. Ilikuwa raha kumtazama, hata mkufunzi alisahau kuandika alama.

"Kwale watakukoma," alimwambia huku akimwekea sahihi.

"Wasihame. Ndege hawajanikosea kitu."

Ijumaa asubuhi afisa alimkabidhi kibali bila kumtazama. Bi Fundi akakikunja, akakitia kifuani, na yeye na mkwe wake wakaenda moja kwa moja kwenye duka la bunduki, ambalo mjini lilikuwa moja tu.

Mwenye duka aliweka kauntani bunduki ya mitutu miwili, akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. "Hii mtu akiiona tu, anahama mtaa." Akaongeza kisanduku cha risasi.

Bi Fundi akakisukuma kando. "Hizo sihitaji."

"Utalindaje nyumba bila risasi, bibi?"

"Na bunduki yenyewe ikae hapa hapa, kwenye kabati lako la chuma. Mkufunzi ameniambia mnaruhusiwa kuwatunzia wenye vibali."

"Tunaruhusiwa." Mwenye duka alimtazama yeye, kisha akamtazama mkwe wake. "Ila wezi, je?"

"Kwangu hajawahi kuingia mwizi."

Bi Fundi alimshika mkwe wake mkono, wakaelekea mlangoni. Pale kizingitini akageuka.

"Kesho atakuja kijana mmoja mrefu kuchagua bunduki, kama alivyoapa. Mwambie nyumba anayoishi imeshachukua kibali chake. Akiuliza ni nani aliyekichukua, mwambie ni mama yake."