Sahani Chini ya Kawa

Asubuhi ya Idi, Bi Salme aliepua mkate wa kumimina, akakata nusu, akaiweka sahanini, akaifunika kawa na kumpa bintiye, Raya.

"Mpelekee shangazi yako Moza."

"Mama, tangu matanga ya babu hamsemeshani. Akiurudisha je?"

"Peleka tu, mwanangu."

Katika mji ule, siku ya Idi sahani ya mtu hairudishwi tupu; hutiwa chochote kilichopikwa. Ila kuirudisha na chakula kilekile ilikuwa sawa na kusema undugu umekwisha.

Adhuhuri iliadhiniwa, Raya hajarudi. Bi Salme alishindwa hata kuonja pilau. Hatimaye binti akaingia, ameishika sahani kwa pindo za kanga, kawa ile ile juu yake.

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu. Alinikalisha barazani, akaingia ndani na kufunga mlango."

Bi Salme aliipokea. Ilikuwa nzito kama ilivyoondoka. Alinyoosha mkono afunue kawa, akaurudisha. Kisha akapitisha kiganja chini ya sahani, akakitoa upesi.

Mkate wake ungekuwa umeshapoa tangu asubuhi. Sahani ilikuwa inaunguza.