Maneno Matamu ya Bure

Aliyelipia muziki alisikiliza kwa raha zake. Aliyesikiliza wa bure, kila baada ya nyimbo tatu mdomo wake ulifunguka wenyewe ukatangaza biashara za watu. Ndiyo sheria, na Mzee Kombo, bahili wa kupindukia, hakuona tatizo lolote mpaka siku ya msiba wa jirani. Watu wako katikati ya dua, yeye akapaza sauti: "Godoro la Pumzika, ukilala hutaki kuamka!"

Mkewe, Bi Saumu, alitamani ardhi ipasuke immeze. Kesho yake akamhamishia kwenye huduma ya kulipia.

Nyumba ikatulia. Ikatulia mno. Kombo alikula, akanawa, akajilaza na taarabu yake masikioni.

"Baba Rukia, wali vipi leo?"

"Mzuri."

Basi. Wiki nzima ni "mzuri" tu. Ndipo Saumu alipoyakumbuka yale ya zamani: "Mke wangu, wali wako unanukia hadi mtaa wa pili!" "Mke wangu, kila siku unazidi kurudi usichanani!" Miaka minne alitembea kifua mbele kwa maneno hayo, akijifanya hakusikia majina ya mafuta na sabuni yaliyofuata.

Ijumaa akasitisha malipo kimyakimya. Akavaa kanga mpya, akapakua wali, akasogea karibu. Wimbo wa tatu ulipokwisha, Kombo akamgeukia, macho yamemlegea.

"Mke wangu, ngozi yako nyororo kama ya mtoto..."

Saumu akatabasamu, akaziba masikio upesi kabla sabuni haijatajwa.