Mteremko wa Mlangoni

Tunsume angerudi kutoka hospitali kesho yake, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mumewe, Asegelile, alipigilia msumari kwenye kizingiti na mwingine chini uani, akafunga uzi kati yake kupima mteremko atakaoujenga wa kupitishia kiti hicho. Akapima kimo cha kizingiti, akakigawanya kwa umbali wa chini.

"Mteremko mkali mno," akamwambia binti yao, Subilaga. "Mama yako hataweza kujisukuma. Sogeza msumari wa chini."

Subilaga akausogeza. Kimo kilibaki kilekile, umbali ukaongezeka, mteremko ukapungua.

Simu ya Subilaga ikaita. Alisikiliza, kisha akakaa mchangani.

"Baba, Mama hatunaye tena."

Asegelile aliutazama uzi.

"Bado mkali," akasema. "Sogeza tena."

"Baba, umenisikia?"

"Nimekusikia. Sogeza, mwanangu. Mikono yake haina nguvu."

Subilaga aliung'oa msumari, akarudi nao nyuma huku akilia kwa sauti, mpaka langoni. Majirani waliosikia kilio walifika, wakaukuta uzi umenyooka mbele yao, wakasimama, wasijue kama wauvuke.