Sentensi Kumi za Pick Up

Jumatatu asubuhi Kalinga alipekua nyumba nzima akitafuta jina la mwanaume. Alikung'uta magodoro, akageuza mifuko ya makoti, akafungua hadi kopo la majani ya chai. Hakuna kitu. Nguo za mke wake zilikuwepo zote, na kitenge chake cha kwaya kilining'inia palepale kwenye msumari. Mezani palibaki daftari la Kiingereza, limefungwa vizuri kwenye nailoni.

Pendo alikuwa ametoweka tangu Jumamosi. Kalinga alijiona kasalitiwa bila kosa, maana yeye alimlinda mke yule kwa kila njia. Simu alimnyang'anya tangu Aprili, alipokuta humo salamu za mwenzake wa kwaya. Sokoni alimsindikiza. Hata kisimani alimwekea dakika za kwenda na kurudi. Sasa huyo mwanaume alipenya wapi?

Masomo tu ndiyo aliyoyaruhusu, tena kwa heshima ya dada yake. Anjela alikuwa mwalimu wa Kiingereza Kihesa, Iringa mjini, na ndiye aliyemlea Kalinga tangu mama yao alipofariki. Alisema wifi yake arudie mtihani wa kidato cha nne, yeye atamfundisha kwa daftari. Kazi ya Kalinga ilikuwa kulibeba. Kila Alhamisi alipeleka mbao Iringa kwa lori, na kila Alhamisi daftari lilikaa mbele ya usukani, ndani ya nailoni yake, lisilowe. Pendo aliandika kwa kalamu ya bluu, Anjela akasahihisha kwa nyekundu.

Mwezi huu walikuwa na kitenzi kimoja tu, pick up. Kalinga aliishia darasa la saba, lakini alipenda kumsikia Pendo akikikariri jikoni: kuokota kitu, kupokea simu, kumpitia mtu na gari, kupata nafuu, kudaka lugha kwa kuisikia tu. Alimtania kwamba Waingereza ni wachoyo wa maneno, wana moja wanalitumikisha kama punda. Pendo alicheka naye, mkono wa kushoto ukiwa kwenye bandeji. Aliteleza kisimani. Ndivyo walivyowaambia majirani.

Mtu wa kwanza kupigiwa simu siku ile ya Jumamosi alikuwa Anjela. Dada yake alimpa pole, akamshauri aende Mbeya kwa wakwe zake. Kalinga alikwenda, Jumapili nzima ikaishia kwenye basi. Mzee Eliezeri, baba yake Pendo, alimkaribisha viazi na maziwa, akasema binti hajafika. Hakuuliza ameondokaje. Aliuliza tu kama ule mkono umepona. Kalinga akajibu umepona, akaaga.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Nyololo alikuwa akijisemea kikulacho ki nguoni mwako, huku akiwapitisha kichwani wanaume wote wa mtaa wao, mmoja mmoja, hadi mzee wa kanisa.

Baada ya kupekua nyumba na kutoka kapa, alilichukua daftari akaenda nalo Mafinga, kwenye kiwanda cha mbao alikopakia mizigo yake. Karani wa pale, Jailos, ndiye aliyeandika hati za mizigo kwa Kiingereza. Kalinga alimvuta pembeni, mbali na kelele za misumeno, wakaketi juu ya gogo.

"Nitafutie jina," alimwambia. "Humu lazima kamwandika."

Jailos alifunua, akapitisha macho. Alisema haoni jina la mwanaume yeyote, ni mazoezi ya shule, sentensi kumi za kitenzi kimoja. Kalinga hakuridhika. Alimtaka amsomee zote kwa Kiswahili, asiruke hata moja.

Jailos akaanza. Niliokota kuni. Mtoto aliokota kalamu. Simu ya jirani ikilia, natamani niipokee mimi. Kiingereza changu sikukidaka barabarani, nimefundishwa na wifi yangu. Kalinga aliitikia kwa kichwa kila sentensi, akisubiri. Kwenye ya saba karani alisita.

"Soma."

"Mume wangu aliokota mpini wa jembe."

Msumeno ulizimwa huko ndani. Jailos alifunga daftari, kidole kikibaki katikati ya kurasa.

"Bwana Kalinga, tuishie hapo."

"Nimesema soma."

Karani alifungua tena. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo. Mkono wangu unapata nafuu, ila haunyooki. Baba alipokea simu ya habari hizo, akalia. Sentensi ya kumi ilikuwa swali: nani atanipitia?

Kalinga alisimama. Macho yalikuwa yamemwiva, na machozi aliyoyabana tangu Jumamosi yalimtoka bila aibu.

"Huyo," alisema. "Huyo aliyempitia ndiye namtaka. Hakumjibu?"

Jailos hakumtazama. Chini ya sentensi ya kumi kulikuwa na mistari michache ya kalamu nyekundu, mwandiko wa kiualimu, mkubwa na ulionyooka. Aliisoma polepole, neno kwa neno.

"Nitakupitia mimi, wifi yangu, Jumamosi saa nne, yeye akiwa kiwandani. Usibebe kitu. Na usiogope kuniandikia yote, daftari analileta mwenyewe, na tangu tuanze hajaacha hata tone la mvua liliguse."